Wazee Saba wa Unguja na Makosa Yangu Matatu

Kwa miaka kumi na tisa niliamini, kama mnavyoamini kwamba jua litatokea upande wa Kanombe, kwamba huko Unguja kuna wazee saba waliowekwa chumba kimoja kwa ajili yangu. Kazi yao ilikuwa kusoma jarida letu. Sita walilisoma kwa macho. Wa saba alikuwa kipofu. Yeye alisomewa kwa sauti, na alikuwa na kazi moja tu duniani, kusikiliza r na l. Akisikia moja imekalia kiti cha mwenzake, anagonga kengele ndogo ya shaba. Kengele ikigongwa mara tatu kwa jina la mtu mmoja, barua inaandikwa kuja Kigali, na mtu huyo anakabidhi rula yake na kalamu yake nyekundu, anakwenda nyumbani.

Mnacheka. Mke wangu alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini mimi nilikuwa na ushahidi. Kila mwezi, mabunda ya jarida yakifika kutoka kwa mchapaji, Madame Domitille, mwenye jarida, alichukua nakala moja, akaitia katika bahasha ya kaki, akaandika kwa mkono wake "Zanzibar", akailamba gundi mwenyewe, akampa dereva aipeleke uwanja wa ndege. Ofisi yetu, kama mjuavyo, iko Rebero, chini ya nyumba ya familia, na ndege ikipaa Kanombe tunaisikia. Siku ya bahasha, kila ndege ilipopita juu yetu niliweka rula chini mpaka mlio ukapotea.

Nimestaafu majuzi, na Solange, binti wa Madame, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki. Vyeo sitaandika, maana nilikuwa na viwili tu tangu mwanzo hadi mwisho. Nitaandika kazi, na hofu, ambayo kwangu ilikuwa nusu ya kazi.

Nilianza kama mfungaji. Nilifunga mabunda kwa kamba, na nilikuwa hodari kuliko mfungaji yeyote Afrika ya Mashariki na ya Kati. Bunda nililofunga mimi lingeweza kudondoka kutoka ghorofa ya nne likaamka na kuendelea na safari. Jioni nilisoma shule ya watu wazima. Nilimaliza wa kwanza katika Kiswahili. Darasa letu la Kiswahili lilikuwa na watu wawili, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Nikampelekea Madame cheti.

Madame Domitille na marehemu mume wake walianzisha jarida hili juu ya meza yao ya kulia chakula. Kwa nini lugha nne? Kwa sababu ya meza hiyo hiyo. Ndugu za mume walirudi kutoka Uganda na Kiingereza chao, Madame mwenyewe alikulia Bujumbura na Kifaransa, mama mkwe hakutaka kusikia kitu isipokuwa Kinyarwanda, na majirani wa zamani, kule Nyamirambo walikoanzia, walizungumza Kiswahili. Madame alisema hakutaka kuchagua nani ale kwanza. Jarida likatoka kwa lugha zote nne kila mwezi, picha zile zile, maneno tofauti.

Alikishika cheti changu kwa mbali, akavaa miwani, akavua miwani.

"Faustin, hii ni Kiswahili ya kweli?"

"Ya kweli kabisa, Madame."

"Mimi Kiswahili yangu ni ya kununua nyanya. Basi utakuwa korekteri. Aliyekuwepo ameenda Goma. Anza kesho."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya usahihishaji.

Siku ya kwanza nilipewa somo na Solange, binti yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusimamia uchapaji, na aliongea haraka kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Akanionyesha pleti, yale mabati membamba ambayo mashine ya kuchapia inayatia wino. "Ukurasa mmoja una pleti nne," akasema. "Ya bluu, ya waridi, ya njano, ya nyeusi. Picha zote ziko kwenye hizo tatu za rangi, na hatuzigusi. Maneno yote yako kwenye nyeusi. Ukibadilisha lugha, unabadilisha nyeusi tu. Umeelewa, rafiki?"

Nilielewa, na nikaogopa. Vijana, bado ni hivyo leo, kompyuta au si kompyuta: maneno yote ya Kiswahili ya jarida zima yanakaa kwenye bati jeusi, na bati hilo likishafungwa kwenye mashine, Mungu mwenyewe hawezi kuongeza nukta. Ndiyo maana hatuandiki maneno meupe juu ya picha, kwani hayo hutobolewa kwenye mabati ya rangi. Ndiyo maana pia kila lugha lazima iingie kwenye sanduku lile lile la maandishi ukurasani. Kifaransa humwagika nje, Kiingereza hubaki na nafasi ya kucheza mpira, Kinyarwanda kina maneno marefu yanayoanzia Rebero kuishia Gisenyi. Kiswahili hukaa vizuri, ukiwa na heshima nacho.

Aliyenifundisha heshima hiyo ni Mzee Shabani. Yeye ndiye alikuwa mpangaji wa kurasa, mtu wa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, Kiswahili alikinyonya. Alivaa kofia nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Aliniomba nimsomee ukurasa wa habari kwa sauti. Nikasoma kwa mbwembwe, kama mtangazaji. Alipanga kimya, kisha akasimamisha mkono.

"Bwana Faustin, hapo umesema habari au habali?"

"Nimesema habari."

"Hapana. Umesema habali. Rudia."

Nikarudia. Akacheka, akafunga mlango.

"Haya, sasa sema mahali."

"Mahari."

"La haula! Wewe umeposa, mimi nataka mahali. Husikii?"

Sikusikia. Ndugu zangu wa Kinyarwanda mnanielewa. Katika masikio yangu r na l ni mtu mmoja anayebadilisha shati. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kuandika kwa kukariri sura ya maneno, na sasa nilikuwa nimeajiriwa kulinda kitu nisichokisikia. Niliona mwisho wa kazi yangu siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne.

Hapo ndipo Mzee Shabani aliponiambia habari za wazee saba. Aliniambia polepole, huku akisafisha miwani: chumba, kipofu, kengele, mara tatu. "Ile bahasha ya Madame unadhani inaenda kufanya nini Unguja? Kupunga upepo?" Nikamuuliza kama korekteri aliyekwenda Goma alikwenda kwa hiari yake. Mzee Shabani akatazama dari. Dari ile ilinitosha.

Kisha akanipa dawa. Alichukua daftari la mistari, akaandika kwenye jalada "Mapacha". Ndani yake tulipanga maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa herufi hizo mbili: kula na kura, hali na hari, mbali na mbari. "Usisikilize," akasema, "masikio yako yamekwisha jiuzulu. Tazama. Kila ukikutana na pacha mmoja, simama, muulize huyu ni nani." Nikafanya hivyo. Nilisoma kwa rula, mstari mmoja mmoja, kisha nikasoma tena kutoka chini kwenda juu ili maana isinivute. Mke wangu alisema nilikuwa nasoma mpaka vibao vya saluni tukienda kanisani, na ni kweli, nilisimama mbele ya kimoja mpaka tukakosa injili.

Kosa la kwanza lilipita mwaka wa pili. Ilikuwa makala ya mama mmoja aliyemsomesha mtoto wake mpaka akawa mkunga. Mama anasema, mwishoni, kwa herufi nene: "Binti yangu ni fahali yangu." Alitaka fahari. Tulimchapa akimwita mwanawe dume la ng'ombe. Mzee Shabani ndiye aliyenionyesha, jarida likiwa tayari limeshatoka, na alicheka mpaka kofia ikapinda. Mimi nilikaa. Niliiona bahasha ikifunguliwa. Nilisikia kengele.

"Moja," nikasema.

"Moja," akakubali, na nadhani ndipo angeweza kuniambia ukweli, lakini alikuwa anafuta machozi.

Barua haikuja. Nikahesabu: wanasubiri zitimie tatu.

Sasa niwaambie ya pili, ambayo wengine wenu mmeisikia ikiwa imeongezwa chumvi na watu wasiokuwepo. Mimi nilikuwepo, sihitaji kuongeza.

Madame aliamua kuwashukuru wasomaji. Wasomaji wa lugha zote nne wafike Rebero siku ya Jumamosi, na kila mmoja atapewa kalamu yenye jina la jarida. Wiki hiyo Mzee Shabani alikuwa Bujumbura kwenye harusi ya mpwa wake, kwa hiyo tangazo la Kiswahili nililiandika na kulipanga mimi mwenyewe. Kwetu kalamu huitwa ikaramu. Mnaona inakokwenda? Niliandika kwa raha, kwa herufi kubwa kabisa: "NJOONI NYOTE NA FAMILIA ZENU. KILA MMOJA ATAPATA KARAMU." Nililisoma mara tatu, kutoka juu na kutoka chini. Neno halikunisimamisha, kwa sababu lilikuwa neno la nyumbani, nililolijua tangu nikiwa na kaptula. Na pacha hao hatukuwa tumewaandika kwenye daftari. Sikilizeni: neno mnalolijua zaidi ndilo mliogope zaidi, na kosa hupenda herufi kubwa, kwa sababu hapo jicho linapita likipiga saluti.

Jumamosi wakaja. Wa Kinyarwanda walipokea kalamu, wakashukuru, wakaondoka. Wa Kifaransa waliijaribu kalamu kwanza juu ya kiganja, wakaondoka. Wa Kiingereza waliomba mbili. Kisha Kiswahili kikapanda kilima. Biryogo yote ilikuja. Kama kuna aliyebaki, alibaki kufunga milango. Kina mama wamevaa madera ya sikukuu, watoto wamepakwa mafuta, mabwana na kanzu, familia za Kikongo na vitenge vipya. Walipewa kalamu zao, wakasema asante, wakaketi kwenye nyasi. Wakasubiri.

Nikapita katikati yao nikitabasamu, nikidhani wanapenda mandhari. Mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki, akanishika kiwiko.

"Baba, hii kalamu ni ya kuandikia nani amekula?"

"Samahani, mama?"

"Nauliza, pilau inapikwa upande gani? Hatusikii hata harufu ya kitunguu."

"Pilau gani, mama?"

Akatoa jarida kwenye mkoba, akalikunjua, akaweka kidole. Karamu. Nikalitazama neno lile, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu likageuka likanionyesha uso wake mwingine.

Niliwahesabu. Nilipofika mia moja na kitu nikaacha. Madame alishuka ngazi na ndala zake, akauliza kwa nini wageni hawaondoki. Nilimwambia yote kwa sentensi moja, bila kuvuta pumzi. Alitazama nyasi zilizojaa watu.

"Kwa hiyo nimealika watu kula," akasema.

"Ndiyo, Madame."

"Nyumbani kwangu."

"Ndiyo, Madame."

"Mtu akialikwa kula nyumbani kwangu, anakula. Solange! Nipigie Biryogo, mkahawa wowote wenye sufuria kubwa. Na wewe, Faustin, utagawa mwenyewe, sahani moja moja. Tutaongea Jumatatu."

Pilau ilifika saa tisa, sufuria tatu juu ya gari la mizigo, na mchuzi mwingine ulibaki kwenye kona za barabara. Niligawa mpaka mkono ukawa na umbo la upawa. Kila niliyempa alisema, "Asante, baba wa karamu," na wengine walisema hivyo bila kucheka, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Mzee mmoja alinibariki mimi, watoto wangu, na jarida. Nilisema amina huku nikitazama angani, maana bahasha ilikuwa imeondoka siku mbili nyuma.

Jumatatu nilivaa koti. Nilikuwa nimekwisha funga rula na kalamu nyekundu kwenye gazeti, tayari kukabidhi. Madame akapita, akauliza kama prufu, zile karatasi za kusahihishia, za ukurasa wa kumi na mbili zimetoka, akapanda ngazi. Basi. Nikasubiri Jumanne. Nikasubiri wiki. Mwezi. Hakusema neno. Nani anayenyamaza namna hiyo, kama si mtu anayesubiri barua?

Mzee Shabani aliporudi nilimwambia, "Mbili." Hakucheka safari hii. Alifungua daftari la mapacha, akaandika kalamu na karamu kwenye ukurasa wa mbele, peke yao, akaliweka mkononi mwangu. "Kuwa mwangalifu," alisema tu. Nadhani aliona uso wangu, akaona hofu imekwisha kuwa chombo cha kazi, akaogopa kuninyang'anya. Au alisahau kwamba ilikuwa utani. Sikuwahi kumuuliza. Macho yake yalichoka, akarudi kwao Biryogo, na miaka michache baadaye tulimzika, mimi nikiwa mstari wa mbele, kofia yake imeshikwa na mwanawe.

Tangu karamu niliishi na kosa moja lililobaki. Mtu mwingine angesema miaka ilipita. Kwangu haikupita miaka, yalipita matoleo, moja moja, na kila moja lilikuwa na mlango wa kutokea. Nilisoma kila ukurasa mara tano. Kompyuta zilipokuja zikaanza kupiga mistari myekundu chini ya maneno, wenzangu wakapumua. Mimi sikupumua, maana kwa kompyuta karamu ni neno zuri kabisa, na fahali pia. Msiiamini. Inajua neno lipo. Haijui kama ndilo ulilotaka. Daftari la mapacha lilifika kurasa arobaini. Solange alichukua usimamizi wa jarida zima, Madame akawa anabaki juu, na mara moja kwa mwezi bado alishuka, akashika ukingo wa meza, akaandika bahasha yake.

Zikabaki wiki tatu nistaafu. Mabunda yalifika, nikafungua nakala moja nikiwa nimesimama. Ukurasa wa tisa, makala ya wachumba wanaotafuta nyumba ya kupanga, picha ya kijumba chenye bustani. Juu yake: "Mahari Pazuri pa Kuanzia Ndoa."

Nililisoma mara tano. Nililisoma kutoka chini. Likabaki mahari.

Bahasha ilikuwa imetoka asubuhi hiyo. Nikapiga hesabu: siku za ndege kwenda, siku za wazee kusoma, siku za barua kurudi. Ningeweza kunyamaza. Barua ingefika nikiwa nimeshakula keki ya kuagwa, nimeshapewa saa ya ukutani. Nilikaa na mawazo hayo siku mbili, na sikulala wala kula kitu isipokuwa mkate, na mke wangu akadhani ni malaria. Siku ya tatu nilichukua jarida, rula, kalamu nyekundu na daftari, nikaingia kwa Solange.

"Solange, nimefika tatu."

"Tatu za nini?"

"Za r na l. Fahali, karamu, na hii hapa." Nikaweka kidole. "Nimeona nikwambie mwenyewe, kabla barua haijafika."

"Barua ya nani?"

"Ya Unguja. Ya wazee."

Aliweka simu chini. "Wazee gani, Faustin?"

Nikamweleza. Chumba, sita wanaosoma, kipofu, kengele. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia sauti yangu ikipungua, kama redio inayoishiwa betri. Sikujua nimalizeje, nikamalizia kwenye kengele. Solange hakucheka, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko yote.

"Ile bahasha ya Maman?" akasema. "Ni ya daktari wa meno. Aliishi hapa Kigali zamani, akajifunza Kinyarwanda, hataki kimpotee. Anachukua toleo la Kinyarwanda. La Kiswahili halijawahi kwenda Unguja hata siku moja."

Nikaketi bila kuambiwa.

"Basi baada yangu nani alikuwa anasoma?"

"Maman hasomi Kiswahili, unajua. Mimi pia sisomi. Mzee Shabani alikuwa anapanga tu, na siku hizi hata yeye hayupo."

"Sijauliza nani hasomi. Nauliza nani alikuwa anasoma baada yangu."

"Hakuna, Faustin. Ulikuwa unasoma wewe. Baada yako ilikuwa mashine ya kuchapia."